Vigae Vilivyosogezwa

Kila jioni, jua likibaki upana wa kiganja juu ya ziwa, Pelagia Nyangi alikuwa akitoka nje ya nyumba yake ya udongo pale Nyakato ya Musoma, anaokota jani kavu, analisugua katikati ya vidole na kuliachia lipeperuke. Vumbi lake likielekea mlimani, kama lilivyofanya jioni nyingi za mwaka, alirudi ndani kuchukua makaa. Mbu wa Nyakato walisafiri na upepo huohuo, na yeye alikuwa na ugomvi nao ambao haukuwa wa jana.

Chini kabisa ya kiwanja chake, mahali bustani ya mchicha na nyanya ilipoishia na matete yalipoanza, alipanga vigae, vipande vya vyungu na mitungi iliyovunjika, mstari mmoja kutoka mpaka hadi mpaka. Katika kila kigae aliweka kinyesi cha ng'ombe kilichokauka mpaka kikawa chepesi kama ganda, juu yake kaa la moto, na juu ya kaa konzi ya kivumbasi kilichonyauka nusu. Kivumbasi kibichi mno kinazima moto. Kikavu mno kinawaka kama karatasi, na harufu yake inakwisha kabla mbu hawajaamka. Akipata maganda ya machungwa aliongeza, akikosa aliacha. Kinyesi kilikuwa cha kushika moto polepole. Kivumbasi ndicho kilichokuwa kinasema.

Moshi uliotoka pale haukuwa na haraka. Ulitambaa juu ya mchicha, ukazunguka nyumba yake, ukapanda mteremko na kufifia kabla ya kufika kwenye nyumba ya juu, nyumba ya bati ya shemeji yake Leodgar. Harufu haikufika kule. Mbu nao hawakufika. Leodgar, kwa miaka yote hiyo, aliamini kuwa ni hewa nzuri ya mlimani.

Nyumba hiyo ya bati ilikuwa ya Pelagia kabla haijawa ya Leodgar.

Alizaliwa Butiama, kwa Wazanaki, kwenye mji wa wafugaji, na jioni za utoto wake zilinukia samadi iliyowashwa mlangoni mwa zizi. Mama yake, Dafroza, ndiye aliyekuwa akitupia majani juu ya moto ule. Ng'ombe hana mkono wa kujipiga, alikuwa akimwambia bintiye, kwa hiyo tunamwazima moshi. Alimfundisha pia jambo ambalo watu wengi hawalijui: kivumbasi kikisimama tu shambani ni ua kama maua mengine, hakimtishi hata inzi. Lazima kipondwe, kikanyagwe au kichomwe. Kisipoumia hakinuki.

Alfonce, seremala wa mitumbwi, Mjita, alimwoa Pelagia na kumjengea juu ya mteremko, mbali na matete. Wakapata binti mmoja, Esta. Halafu, katika miaka ya foleni, sabuni ilipokuwa ndoto na watu wakifulia majani ya mpapai na kula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, Alfonce aliugua tumbo na kufa. Wakamzika kando ya nyumba yake, kama ilivyo desturi, wakaweka mawe na msalaba aliouchonga rafiki yake kwa mbao za mtumbwi.

Msiba ulipoanuliwa, Leodgar, kaka mkubwa wa marehemu, alisema yuko tayari kumrithi mjane. Pelagia alikataa. Angeweza kukataa pembeni, kwa sauti ya chini, kama wajane wengine wenye busara. Alikataa mbele ya ukoo mzima, na kwa Kiswahili, kwa sababu pale palikuwa na Wajita na Wazanaki na yeye alitaka kila mtu aelewe.

"Shati la marehemu halimtoshi kila mtu," alisema.

Watu walicheka. Hata mama mkwe alijificha uso kwa kanga. Leodgar alicheka pia, lakini kicheko chake kilichelewa, na Pelagia aliona kwamba kimechelewa.

Kwenye kikao kilichofuata, cha mali, Leodgar naye alisema kwa Kiswahili. Alieleza kwa upole sana kwamba kiwanja kilikuwa cha ukoo, kwamba Alfonce alijenga tu, na kwamba nyumba inamhitaji mwanamume. Mzee mmoja wa Kizanaki akamuuliza kama maana yake anamfukuza mtoto wao. Leodgar akainua mikono yote miwili.

"Simfukuzi, wazee wangu. Namsogeza tu. Apewe kule chini, kwenye matete. Mbu nao wanahitaji mwenyeji."

Safari hii waliocheka walikuwa upande wake. Kikao kikakubali, tena kikakubali vizuri, kwa mipaka: kuanzia kwenye mti wa mjohoro kushuka mpaka majini ni mali ya Pelagia, na hakuna mtu wa kumwingilia. Wazee waliona wametenda haki. Mjane amepata ardhi, ingawa ardhi yenyewe nusu ilikuwa tope.

Siku ya kuhama, Pelagia alikuwa akikunja chandarua, kile kimoja walichokuwa nacho, ambacho Alfonce alikipata Mwanza kwa kubadilishana na kasia jipya. Leodgar akakishika upande wa pili. Alisema chandarua ni cha nyumba, kimepigiwa misumari ya nyumba. Wakati ule dukani hapakuwa na chandarua, wala dawa ya mbu, wala mafuta ya taa ya kuwashia hata kibatari. Pelagia aliachia. Jambo hilo la kuachia alikuja kulifikiria kuliko mambo mengine yote ya maisha yake: kwamba mikono yake ilikishika kile kitambaa, na ikakiachia.

Masika hayo Esta alishikwa na homa. Zahanati haikuwa na klorokwini, na muuguzi alisema hivyo akiwa anaangalia pembeni. Pelagia alimbeba mtoto mgongoni kwenda hospitali, na alipokuwa njiani aliona uzito unabadilika. Hakuhitaji kumshusha ili kujua.

Mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo alizikwa juu, pembeni mwa Alfonce. Leodgar alilia kwa sauti kuliko wote. Alichinja na mbuzi. Pelagia hakulia pale. Alikuwa akimwangalia mbu mmoja aliyetua kwenye shingo ya Leodgar, akamwona anajaa damu taratibu mpaka akawa mwekundu, na hakumwambia shemeji yake kitu.

Alikwenda kwa dada yake Selestina huko Guta, karibu na Bunda, akachuma naye pamba msimu mzima. Selestina alitaka abaki. Alikuwa amekwisha kumtafutia hata mwanamume, aliyefiwa na mke, mwenye plau na ng'ombe wa kulimia, mtu mpole. Pelagia akamwambia anarudi Nyakato.

"Unarudi kufanya nini kwenye tope?"

"Kulipiza."

"Kwa nani, Nyangi? Kwa mbu?"

"Nitaanza na mbu," Pelagia alisema.

Alipitia Butiama kwa mama yake, akatoka na mbegu za kivumbasi, mashina ya mchaichai yaliyofungwa kwenye gunia bichi, na mche wa mwarobaini. Kutoka Guta alikuwa na kibuyu cha mafuta ya mbegu za pamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake yote.

Alianza kwa kuchimba mifereji ili maji yaliyolala yatembee. Palipobaki dimbwi aliinama na kopo, anayachota yale maji yenye viluwiluwi vya mbu, vile vinavyojikunjakunja kama mikunjo ya kope, anavimwaga juu ya mchanga wa moto. Kisha anachuchumaa. Hakuondoka mpaka vimekauka vyote. Watu waliopita njiani kwenda kuteka maji walimwona na kusema yule mama wa Kizanaki ameguswa kichwa na msiba. Hawakukosea sana. Alikuwa na uso wa mtu anayekula.

Ngozi yake mwenyewe aliitengenezea mafuta. Alitwanga mchaichai na kivumbasi kwenye kinu, akavizamisha katika mafuta ya pamba, akaacha kibuyu juani mpaka mafuta yabadilike rangi, kisha akachuja kwa kipande cha gauni la Esta. Kuta na vitalu vya mboga alivinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini, machungu kiasi kwamba aliyejipangusa mdomo kwa bahati mbaya alikula chakula cha siku hiyo kikiwa kichungu. Nyanya zake zikawa hazina wadudu, na hilo pia watu wakaliona.

Lakini kwa haja yake mwenyewe vigae viwili mlangoni vingetosha. Mstari mzima, kutoka mpaka hadi mpaka, ulikuwa wa watu wengine wawili. Juu ya mteremko, pembeni ya nyumba ya bati, walilala Alfonce na Esta. Pelagia hakuweza kuvumilia wazo la mbu kuimba pale jioni. Walimla mtoto akiwa hai, basi wasimwimbie akiwa amelala. Kwa ajili hiyo alifukiza mwaka baada ya mwaka, na kama moshi wake ulimfaa Leodgar pia, hiyo ilikuwa bahati mbaya ambayo hakuwa na njia ya kuizuia.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka ya Musoma yaliyokuwa na mbao tupu yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, na watu waliokuwa wamezoea kuficha walichonacho wakaanza kukionyesha. Leodgar, ambaye kichwa chake hakikuwa kibovu, aliangalia nyumba yake ya mteremkoni yenye kuona ziwa, isiyo na mbu hata mmoja, akaona biashara. Aliezeka vibanda vya makuti, akajenga meza za saruji za mviringo, akaleta bia na redio kubwa yenye spika mbili. Kwenye ubao wa barabarani akaandika kwa rangi nyekundu: HEWA SAFI GADENI. HAKUNA MBU.

Pelagia hakuuona ubao huo ukipigiliwa. Alikuwa Butiama, akimuuguza mama yake Dafroza na kisha kumzika. Aliporudi, akiwa amenyoa nywele kwa msiba, alipitia juu ili awasalimie watu wake wawili kabla ya kushuka kwake.

Hakuwaona. Pale palipokuwa na mawe palisawazishwa na kumwagiwa kokoto nyeupe za ziwani. Mahali pa Alfonce palipita njia ya wahudumu. Mahali pa Esta palisimama meza ya saruji, na juu yake glasi mbili zenye mapovu yaliyokauka. Misalaba yote miwili ilikuwa imeegemezwa nyuma ya stoo, pamoja na kreti za chupa tupu.

Leodgar alimkuta amesimama. Alimpa pole ya mama, kwa heshima zote. Kisha akaona anachotazama.

"Sijawatoa, shemeji," alisema. "Wako palepale walipo. Misalaba tu ndiyo nimesogeza. Wateja walikuwa wanajikwaa."

Pelagia alimwangalia mdomo. Neno lilelile. Lilikuwa limetoka kwenye mdomo uleule, likiwa limezeeka kidogo, lakini lilelile. Alimshukuru kwa pole, akashuka kwake.

Jioni hiyo alisugua jani, akaliachia, vumbi likaelekea mlimani. Akachukua makaa. Akashuka mpaka kwenye matete, akaviokota vigae kimoja kimoja, akavipanga upya kuizunguka nyumba yake kwa karibu, kama kuku anavyopanga mayai. Hakutukana wala hakuapa. Alikaa kwenye kigoda ndani ya duara la moshi akamenya maharage, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Guta alisikia mbu wa matete wakipita juu ya paa lake, wakiimba, wakienda zao mlimani.

Kulikuwa na tatizo moja. Leodgar hakuwa peke yake mteremkoni. Upande mmoja aliishi Miriamu na watoto wake, upande wa pili Marieta na mumewe mgonjwa, na hao hawakuwa na hatia. Kesho yake Pelagia aliwapelekea miche ya kivumbasi na vigae, akawaonyesha namna ya kukausha nusu na namna ya kusoma upepo. Miriamu alimuuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hii. Pelagia akamjibu kwamba moshi wake umezeeka, haupandi tena mlima, kila mtu sasa afukize kwake. Marieta hakuuliza. Aliutazama ule ubao mwekundu barabarani, akamtazama Pelagia, akapokea miche kwa mikono miwili.

Basi jioni zikawa hivi: upande huu moshi, upande ule moshi, na katikati, kama mlango ulioachwa wazi, Hewa Safi Gadeni.

Mbu hawana kiburi. Wanaingia panapoingilika. Walikuja saa ile wateja wanapoagiza chupa ya pili, walimu, makarani wa halmashauri, wanunuzi wa samaki kutoka Mwanza wenye mashati mapya ya mitumba, wakawapitia vifundoni chini ya meza, mahali mtu asipoweza kujipiga bila kumwaga bia. Mteja mmoja, mtu wa masihara, alikwenda kusimama chini ya ubao na kusoma kwa sauti: hakuna mbu. Kisha akajipiga kofi shingoni, akafungua kiganja, akauonyesha umati damu yake mwenyewe. Watu walicheka mpaka redio haikusikika. Jumamosi iliyofuata walichekea baa nyingine.

Leodgar hakukaa kizembe. Alinunua dawa za kuchoma, zile za duara za kijani zilizokuwa zimeanza kuletwa, akaziweka chini ya kila meza, na upepo wa ziwa ukauchukua moshi wake kabla haujafika kwenye goti la mtu. Akasikia kwamba majirani wanatumia kinyesi cha ng'ombe, akaleta cha kwake, akakiwasha katikati ya wateja, na wateja wakaondoka wakikohoa, mmoja akisema yeye alilipa kunywa, hakulipa kuchungwa. Mwisho akasikia habari ya mchaichai. Akapanda mchaichai kuizunguka bustani yote, kwenye matairi ya zamani ya lori, ukapendeza kweli. Aliamini mmea ukisimama hapo mbu watauona na kugeuza njia. Akaumwagilia asubuhi na jioni, na maji yakajaa ndani ya matairi, yakatulia humo gizani bila kusumbuliwa na mtu.

Pelagia alipita njiani siku moja na mzigo wa kuni. Akachungulia ndani ya tairi moja. Viluwiluwi vilikuwa vingi kuliko alivyowahi kuviua kwa kopo. Hakuviua hivi. Aliona raha ambayo hata yeye mwenyewe ilimshangaza, raha ya kuwatazama adui zake wawili wakilishana.

Ilipofika hapo Leodgar akasema neno la hatari. Alisema Pelagia anawafuga. Alisema mwanamke anayekaa na mbu miaka yote hiyo bila kufa ana mkataba nao, na sasa anawatuma. Upande ule wa nchi, mwanamke mwenye nywele zinazoanza mvi hapewi nafasi ya kusikia neno kama hilo mara mbili. Kwa hiyo balozi wa nyumba kumi, Silasi Kwangu, mtu mnene aliyechukia ugomvi kuliko jua, alishuka mteremko mchana kweupe pamoja na Leodgar ili jambo lizungumzwe likiwa bado dogo. Miriamu na Marieta nao walijisogeza mpaka kwenye ua, kana kwamba wamekuja kuomba chumvi.

Silasi alianza mbali, akasifu nyanya, akauliza habari za msiba wa Butiama. Kisha akamwambia mama Esta kwamba shemeji yake ana malalamiko kuhusu mbu.

"Mbu wa nani, balozi?" Pelagia aliuliza.

"Ndiyo hapo sasa. Yeye anasema ni wako."

"Ni wangu kweli. Nilipewa kwenye kikao, mbele ya wazee. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema nikakae nao, niwe mwenyeji wao." Alimgeukia Leodgar kwa adabu, akipiga goti kidogo kama mke wa mdogo mtu anavyopaswa. "Nimewatunza, shemeji. Sasa wamekua, wanakwendaga kumsalimia aliyewaleta. Ningewakataza vipi?"

Marieta alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Silasi aliangalia chini muda mrefu, mabega yake yakitikisika, na alipoinua uso alikuwa amekwisha kuamua kwamba uchawi haumo katika shauri hili. Alimuuliza tu kama ni kweli kwamba zamani alikuwa akifukiza pale chini, na kwamba siku hizi ameacha.

"Sijaacha," Pelagia alisema. "Vigae hivi hapa, kila jioni vinawaka. Nimesogeza tu."

Pelagia aliona neno likimfikia Leodgar, likishuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na kila ngazi akiitambua: kikao, matete, chandarua, misalaba. Hakuhitaji kumwona akilia. Hicho kilimtosha kwa siku hiyo, na akaingia ndani kuwachemshia wageni chai.

Leodgar alirudi peke yake baada ya muda, mchana, bila redio wala balozi. Vifundo vyake vilikuwa vimejaa vidonda vya kujikuna. Alikataa kigoda, kisha akakaa. Alisema sasa ameelewa hewa safi ilikuwa inatoka wapi. Alisema pia kwamba mahali pa kuweka vigae ni pale kwenye matete, hakuna pengine, ameshajaribu, na pale ni pa Pelagia kwa amri ya wazee, hawezi kupagusa.

"Nirudishie moshi, shemeji," alisema. "Sema unataka nini. Ile meza na ile njia nitazisogeza."

"Usisogeze. Ondoa."

"Nitaondoa."

"Na mawe, na misalaba. Kwa mikono yako, si ya vibarua."

"Nikifanya hivyo utaurudisha?"

"Nitaurudisha moshi juu," Pelagia alisema. "Ukiweka msalaba wa mwanangu, jioni hiyohiyo utauona."

Jumamosi yake Leodgar alivunja meza kwa nyundo kubwa, yeye mwenyewe, akiwa amevua shati, na mteremko mzima ukisikiliza. Saruji ilikuwa nzuri. Hakuwa amebana matumizi. Alizoa kokoto, akapanga mawe, akasimamisha msalaba wa mbao za mtumbwi na ule mdogo. Alikuwa na haraka, kwa sababu alikuwa amekwisha kupeleka habari mjini kwamba tatizo limekwisha, na wanunuzi wa samaki walikuwa wameahidi kurudi jioni hiyo. Walirudi kweli. Viti vilijaa.

Jua likabaki upana wa kiganja. Pelagia alisugua jani, akaliachia, akachukua makaa. Lakini hakushuka kwenye matete. Alipanda mteremko akiwa amebeba kigae kimoja, akapita katikati ya meza bila kumtazama mtu, akakiweka kati ya makaburi mawili. Akawasha. Akatupia kivumbasi na maganda makavu ya machungwa, akakaa chini, mgongo wake ukiegemea mawe ya Alfonce, mkono wake juu ya mawe madogo. Moshi ukainuka kidogo, mawe yakiukinga na upepo, ukatulia juu ya mahali pale pawili tu, kama shuka.

Leodgar alikuja mbio mbio huku akitabasamu kwa ajili ya wateja. Aliinama na kumuuliza kwa sauti ya chini vingine viko wapi, vya kule matete.

"Nilisema nitaurudisha juu," Pelagia alimwambia. "Si huu hapa? Vile vya chini vimesogezwa, shemeji. Umesahau?"

Mbu walifika wakati huohuo, wakiimba. Wateja walianza kujipiga. Mmoja, aliyekuwa na akili ya haraka, aliona kwamba pale penye moshi hapana kitu, akanyanyua kiti chake na bia yake akasogea. Wenzake wakamfuata, viti vikikwaruza kokoto. Walipofika kwenye moshi wakaona mawe, wakaona msalaba mdogo, wakamwona mama mwenye nywele fupi za msiba akiwatazama mmoja mmoja. Yule wa kwanza akavua kofia. Akarudisha kiti, si mahali pake, bali kwenye meza ya karibu na lango, akamaliza chupa akiwa amesimama.

Pelagia alirudi kesho yake na kigae kimoja, na kesho kutwa. Leodgar hakuweza kumzuia mjane kukaa kwenye kaburi la mtoto wake; hata ukoo wake mwenyewe ungemcheka. Mvua za vuli zilipokuja matairi yakajaa mpaka juu. Jioni moja Pelagia alipanda akakuta redio haipo, vibanda havina taa, na Leodgar amekaa peke yake kwenye meza ya mwisho, kanga ya mkewe ikiwa imefunika miguu yake mpaka kwenye vifundo.

Alimwamkia kama inavyopasa. Kisha akasogeza kigae chake kidogo, upande wa mbali naye, akakaa.